Macfarlane Burnet: Daktari aliyeyasoma mafua ndani ya yai la kuku

MWEZI Januari mwaka 2017, wavuvi na wakazi wa Lutembe, kando ya Ziwa Victoria karibu na Entebbe nchini Uganda, waliwaona ndege wa porini wakifa kwa wingi. Haikuchukua muda, mabata na kuku wa kufugwa upande wa Masaka nao wakaanza kufa. Serikali ya Uganda ikatangaza kuwa ni mafua ya ndege, aina iitwayo H5N8. Rwanda na Kenya zikapiga marufuku kuku na mayai kutoka Uganda. Katikati ya mwaka huo huo ugonjwa ukathibitishwa pia upande wa Kongo, huko Ituri, kando ya Ziwa Albert.

Anayeishi kwa kununua na kuuza kati ya Kamembe na Bukavu hahitaji kuelezwa maana ya habari kama hiyo. Kwa miaka mingi mayai na kuku wamekuwa miongoni mwa bidhaa zinazovuka Mto Rusizi kila siku mpaka unapokuwa wazi. Kuku wakifa bandani, swali la kwanza ni moja tu: ni kideri au ni mafua ya ndege?

Kideri, ambacho wafugaji wa Rwanda hukiita umuraramo na Watanzania wengine hukiita mdondo, ni hasara ya boma au kijiji. Mtu analia, anafukia mizoga, anaanza upya na vifaranga wachache. Mafua ya ndege ni jambo jingine. Hayo hufunga soko, hufunga mpaka, na yanaweza kumwingia binadamu. Lakini kwa macho magonjwa haya mawili hufanana mno. Kuku anazubaa, manyoya yanasimama, anahara kijani, anahema kwa shida, kisha anakufa. Hata daktari wa mifugo mwenye uzoefu hawezi kuapa bila kupeleka sampuli maabara.

Mwaka 1934 daktari mmoja wa Australia alichapisha, pamoja na mwenzake, njia ya kuvitenganisha virusi vya magonjwa hayo mawili kwa kutumia yai la kuku lenye kifaranga kinachokua ndani yake. Jina lake ni Frank Macfarlane Burnet. Wengi wanaomtaja leo humtaja kwa Tuzo ya Nobel aliyoipata mwaka 1960 kwa elimu ya kinga ya mwili. Mimi naona kazi yake ya mayai ndiyo inayomgusa zaidi mtu wa mpakani, na ndiyo nitakayoisimulia kwa kirefu.

Mtoto wa meneja wa benki

Burnet alizaliwa tarehe 3 Septemba 1899 katika mji mdogo wa Traralgon, jimbo la Victoria. Baba yake alikuwa mhamiaji kutoka Scotland aliyepanda hadi kuwa meneja wa tawi la benki. Walikuwa watoto saba, naye alikuwa wa pili. Hakuwa mtoto wa kelele. Alipenda kutembea peke yake porini akikusanya mbawakavu, na mapenzi hayo hakuyaacha hata utu uzimani.

Alisoma kwa ufadhili katika shule ya bweni mjini Geelong, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Melbourne kusomea udaktari. Mwaka 1919, akiwa bado mwanafunzi, Australia ilivamiwa na homa kali ya mafua ambayo dunia iliiita mafua ya Kihispania.

Afrika Mashariki ilikuwa imeshayaonja mwaka mmoja kabla. Mnamo Septemba 1918 ugonjwa uliingia Mombasa kwa meli, ukapanda na reli kwenda bara. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa inamalizika. Askari na wapagazi wa Jenerali von Lettow-Vorbeck, waliosalimu amri huko Abercorn Novemba 1918, walipelekwa Tabora, na wengi wao waliookoka risasi hawakuyaokoka mafua. Wazee wa eneo letu lote la maziwa makuu walisimulia miaka hiyo kama miaka ya njaa na vifo visivyo na jina. Duniani kote inakadiriwa kuwa watu wasiopungua milioni 20 walikufa, na watafiti wengine wanafikia milioni 50.

Wakati huo hakuna aliyejua kilichokuwa kinaua. Madaktari wengi walidhani ni bakteria. Hakuna aliyekiona kirusi cha mafua, wala aliyejua namna ya kukiotesha. Burnet alihitimu udaktari mwaka 1922 katika hali hiyo ya giza.

Watoto wa Bundaberg

Wakubwa wake waligundua mapema kuwa hakuumbwa kwa ajili ya wodi. Alikuwa mwenye haya, hakujua kuzungumza na wagonjwa, lakini akipewa darubini na chupa za maabara aliweza kusahau kula. Akapelekwa katika Taasisi ya Walter na Eliza Hall mjini Melbourne. Mwaka 1925 alikwenda London, akasomea shahada ya uzamivu kuhusu virusi vinavyoshambulia bakteria, na mwaka 1927 akarudi nyumbani.

Hakukaa sana kabla ya kutwishwa mzigo mzito. Mwezi Januari 1928, katika mji wa Bundaberg, jimbo la Queensland, watoto 21 walidungwa chanjo ya dondakoo. Kumi na wanane waliugua na 12 wakafa, wengi wao ndani ya siku moja na nusu tu. Nchi nzima ilitaharuki. Wazazi wakaanza kukataa chanjo zote, hofu ambayo sisi wa huku tunaifahamu vizuri.

Burnet ndiye aliyepewa kazi ya maabara katika uchunguzi huo. Alionyesha kuwa dawa yenyewe haikuwa sumu. Chupa ilitengenezwa bila kemikali ya kuzuia wadudu kuota, na baada ya kutobolewa mara kadhaa kwa sindano, bakteria aina ya stafilokoka waliingia wakazaliana humo kwenye joto. Jibu hilo halikumrudishia mzazi yeyote mtoto wake. Lakini kosa lilijulikana mahali lilipo, na chanjo ya dondakoo haikuzikwa pamoja na watoto wale. Mwaka huo huo wa 1928 Burnet alimwoa Linda Druce, aliyekuwa mwalimu, wakajaliwa watoto watatu.

Dirisha katika ganda

Mwaka 1932 alirudi tena London, safari hii katika Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Tiba huko Hampstead. Alifika wakati mzuri. Mwaka 1933 wanasayansi watatu wa hapo, Wilson Smith, Christopher Andrewes na Patrick Laidlaw, walifanikiwa kwa mara ya kwanza kukinasa kirusi cha mafua ya binadamu. Waliwatia puani wanyama wadogo wa jamii ya kicheche, waitwao fereti, maji ya koo ya mgonjwa wa mafua. Fereti wakaanza kupiga chafya na kupata homa kama watu.

Tatizo lilikuwa fereti wenyewe. Ni ghali, wanang'ata, na lazima kila mmoja atengwe asiambukizwe na mwenzake. Nchi tajiri ingeweza kuwafuga. Maabara ya kawaida isingeweza.

Huko Marekani, mwaka 1931, Ernest Goodpasture na Alice Woodruff walikuwa wameonyesha kuwa kirusi cha ndui ya kuku huota ndani ya yai lenye kifaranga. Burnet aliichukua njia hiyo akaifanyia kazi kwa miaka, mpaka ikawa kitu ambacho fundi yeyote makini angeweza kukirudia.

Njia yenyewe si ngumu kuielewa. Unachukua yai lililorutubishwa, unaliweka kwenye joto la kuatamia kwa siku kumi hivi. Unalimulika kwa taa kuona mishipa ya damu kama wafanyavyo wafugaji wa vifaranga. Unakata dirisha dogo katika ganda bila kuichana ngozi laini ya ndani. Unadondosha tone lenye virusi juu ya utando unaomzunguka kifaranga, unaziba dirisha, unalirudisha kwenye joto. Baada ya siku mbili au tatu unafungua. Kila kirusi kilichoota huacha alama yake juu ya utando, na alama hizo unaweza kuzihesabu.

Ndani ya yai zima hakuna bakteria, na kifaranga ambacho hakijaanguliwa bado hakina kinga ya kupigana. Ni kama shamba safi lisilo na magugu. Tena ni la bei ndogo, na linapatikana popote kuku walipo.

Ni kwa njia hiyo Burnet na mwenzake walichapisha, mwaka 1934, tofauti kati ya virusi viwili vya kuku. Kimoja kilikuwa cha tauni ya kuku, ugonjwa uliojulikana Italia tangu mwaka 1878. Cha pili kilikuwa cha ugonjwa uliopewa jina la mji wa Newcastle wa Uingereza, ulikoripotiwa mwaka 1926, yaani hiki kideri chetu. Kila kimoja kililishambulia yai kwa namna yake.

Hapa ndipo palipo na jambo linalonishangaza kila ninapolisoma. Tauni ile ya kuku ndiyo mafua makali ya ndege ya leo. Burnet alikuwa nayo mkononi mwaka 1934. Mwaka mmoja au miwili baadaye alikuwa na mafua ya binadamu ndani ya mayai yale yale. Wala yeye wala mtu mwingine hakutambua kuwa ni ndugu wa tumbo moja. Ilibidi kusubiri hadi mwaka 1955, Mjerumani Werner Schäfer alipoonyesha kuwa tauni ya kuku ni kirusi cha mafua cha kundi A, kundi lile lile linalomshika binadamu. Miaka 21 ilipita virusi hivyo viwili vikiwa rafu moja.

Alikataa kubaki ughaibuni

Huko London alipewa nafasi ya kubaki moja kwa moja. Akakataa, akarudi Melbourne mwishoni mwa mwaka 1933 akiwa na mbinu zake za mayai. Mwaka 1944 Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani kilimpa kiti cha uprofesa. Akakataa tena. Mwaka huo huo akawa mkurugenzi wa taasisi yake, kazi aliyoishika hadi mwaka 1965.

Australia ya miaka hiyo ilionekana na Wazungu wa Ulaya kama pembe ya dunia. Vijana wenye akili walikwenda ng'ambo na hawakurudi. Uamuzi wa Burnet uliwashangaza wenzake, na haukuwa wa bure: aliacha mshahara mkubwa, vifaa vizuri na majirani wenye majina. Waliorejea Rwanda baada ya mwaka 1994 kutoka Kongo, Burundi, Tanzania na Uganda, wengine wakiacha kazi na maduka waliyoyajenga kwa miaka 30, wataelewa hesabu ya namna hiyo bila kuelezwa zaidi.

Taasisi yake nayo ilipokea watu waliofukuzwa kwao. Mmoja wao alikuwa mkemia Alfred Gottschalk, aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler mwaka 1939. Kazi ya mkimbizi huyo ndiyo iliyokuja kueleza kile kinachowakilishwa na herufi N katika majina kama H5N8 na H5N1.

Herufi hizo hutisha wasomaji bure. Mwaka 1941 Mmarekani George Hirst aligundua kuwa virusi vya mafua vikichanganywa na damu ya kuku huzigandisha pamoja chembe nyekundu. Kirusi kina miiba ya kunatia, na miiba hiyo ndiyo H. Burnet na wenzake wakagundua kuwa kirusi hicho hicho, baada ya kunata, hujibandua chenyewe, na kwamba bakteria wa kipindupindu nao hutoa kitu chenye uwezo kama huo. Mwaka 1957 Gottschalk akathibitisha kuwa ni kimeng'enya kinachokata sukari fulani iliyo juu ya chembe. Huo ndio mkasi uitwao N. Kwa H kirusi huingia, kwa N watoto wake hutoka. Dawa za kisasa za mafua, kama ile iuzwayo kwa jina la Tamiflu, hufanya kazi kwa kuuzuia mkasi huo.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili Burnet alikuwa na hofu kuwa mafua ya 1918 yatarudi pamoja na majeshi. Alitengeneza chanjo ya virusi hai vilivyodhoofishwa ndani ya mayai, ya kupulizwa puani, akaijaribu kwa askari waliojitolea. Matokeo yalimvunja moyo. Chanjo ya Wamarekani, ya virusi vilivyouawa na kudungwa kwa sindano, ndiyo iliyoshinda, nayo ikakubaliwa mwaka 1945. Hata hiyo iliota ndani ya mayai. Wazo la kupuliza puani lilisubiri sana, na Marekani iliidhinisha chanjo ya namna hiyo mwaka 2003, miaka 18 baada ya yeye kufa.

Katika miaka hiyo ya vita lilitokea pia jambo dogo maabarani. Virusi vya kideri vilimrukia mfanyakazi mmoja jichoni. Jicho likawa jekundu na kuvimba, kisha likapona. Burnet alichapisha taarifa hiyo mwaka 1943, na tangu hapo ikajulikana kuwa kideri kinaweza kumgusa binadamu, lakini kwa wepesi tu. Jicho hilo hilo, la kuku safari hii, ndilo leo linalopokea kinga. Chanjo ya kideri iitwayo I-2, iliyoanzia Australia na kutengenezwa kwa mayai, hutolewa vijijini nchini Tanzania na Msumbiji kwa tone moja jichoni mwa kuku. Huvumilia joto kuliko chanjo za zamani, jambo kubwa kwa kijiji kisicho na umeme wa friji.

Virusi vinapochanganyana

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Burnet na msaidizi wake Patricia Lind walionyesha jambo ambalo wengi hawakulisadiki upesi. Virusi viwili tofauti vya mafua vikikutana ndani ya mnyama mmoja, huzaa kirusi cha tatu chenye sifa za wazazi wote wawili. Baadaye ikajulikana kwa nini. Urithi wa kirusi cha mafua haukuandikwa kwenye uzi mmoja, umekatwa vipande vinane. Virusi viwili vikiingia chembe moja, vipande huchanganyika kama karata za wachezaji wawili zinapoangukia meza moja.

Mwaka 1957 yakaja mafua ya Asia, na mwaka 1968 mafua ya Hong Kong. Kila moja liliua watu wanaokadiriwa kufikia milioni moja au zaidi. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kuwa katika kirusi cha 1957 vipande vitatu vilitoka kwa ndege, na katika kile cha 1968 viwili. Mafua ya mwaka 2009 yalikuwa na vipande vilivyopitia nguruwe, ndege na watu.

Lakini ndege gani? Jibu lilianza kupatikana kwenye fukwe za Australia yenyewe. Graeme Laver, aliyewahi kuwa msaidizi katika taasisi ya Burnet, na rafiki yake Robert Webster walikwenda visiwani kuwachunguza ndege wa baharini, wakakuta kwao virusi vya mafua bila ndege wenyewe kuonekana wagonjwa. Tangu hapo imethibitika kuwa bata wa porini na ndege wa majini ndio ghala la karibu mafua yote ya kundi A. Wanabeba, wanaruka, wanatua ziwani, wananya majini. Ndiyo maana ya Lutembe mwaka 2017, kwani ghuba hiyo hupokea ndege wengi wahamao kutoka Ulaya.

Na yale mafua ya 1918? Mwaka 1951 kijana Msweden aliyekuwa akisoma Marekani, Johan Hultin, alifukua kaburi la watu waliokufa nayo huko Alaska, ambako ardhi huganda mwaka mzima. Alijaribu kukiotesha kirusi ndani ya mayai. Hakikuota, kilikuwa kimekwisha kufa. Alirudi kaburini humo mwaka 1997 akiwa mzee, akapeleka vipande vya mapafu kwa Jeffery Taubenberger, na mwaka 2005 maandishi yote ya urithi wa kirusi kile yakawa yamesomwa. Yalionekana kukaribiana sana na ya virusi vya ndege.

Sungura, silaha na utabiri

Burnet alikuwa na ujasiri wa aina yake. Mwaka 1951 Australia ilikuwa inawaua sungura waharibifu kwa kuwaambukiza kirusi cha maradhi yao. Wakati huo huo watu wa bonde la Mto Murray walianza kufa kwa ugonjwa wa ubongo, na uvumi ukaenea kuwa sumu ya sungura ndiyo inayowaua. Burnet alikuwa amekwisha kukipata kirusi halisi cha ugonjwa huo, kilichoenezwa na mbu. Uvumi haukukoma. Basi yeye, Frank Fenner na Ian Clunies Ross wakajidunga kirusi cha sungura, na hakuna kilichowapata. Habari ilipotolewa, hofu ikatulia.

Upande mwingine wa maisha yake haupendezi, na si haki kuuruka. Nyaraka za siri zilizofunguliwa baada ya kifo chake zilionyesha kuwa mwaka 1947 aliishauri wizara ya ulinzi ya nchi yake kutafiti silaha za magonjwa na za kuharibu mazao ya chakula, za kutumiwa dhidi ya nchi za Asia zenye watu wengi iwapo vita ingetokea. Mtu aliyewatafutia majibu wazazi wa Bundaberg ndiye huyo huyo aliyeandika ushauri huo. Wapo wanaomtetea kwa hofu za wakati ule, baada ya vita na Japani. Utetezi huo haunitoshi.

Mwaka 1957 aliiweka pembeni kazi ya virusi na kuigeuza taasisi nzima ielekee elimu ya kinga. Baadhi ya watafiti wake walinung'unika na kuondoka. Mwaka huo alichapisha nadharia yake kuwa mwili huwa na aina nyingi mno za askari wa kinga tangu awali, na adui akiingia, yule anayelingana naye huchaguliwa na kuzalishwa kwa wingi. Wengi waliicheka, ikathibitika. Nobel ya mwaka 1960, aliyoipata pamoja na Mwingereza Peter Medawar, ilikuwa kwa kueleza namna mwili unavyojifunza kutojishambulia wenyewe.

Alipostaafu aliandika mno. Katika kitabu kilichotoka mwaka 1972 alitabiri kuwa magonjwa ya kuambukiza hayatakuwa tena na mambo makubwa ya kusisimua. Mwaka 1976 Ebola ikajulikana Yambuku, Kongo ya wakati huo ikiitwa Zaire. Mwaka 1981 ukimwi ukaripotiwa Marekani. Sisi wa huku tulilipia utabiri huo kuliko yeye. Burnet mwenyewe alikuwa ametaja uwezekano wa kutokea ugonjwa mpya usiotarajiwa, lakini wasomaji wake walishika zaidi maneno ya faraja.

Mkewe Linda alifariki mwaka 1973, naye akaoa tena mwaka 1976. Alikufa kwa saratani tarehe 31 Agosti 1985 huko Port Fairy, siku tatu kabla ya kutimiza miaka 86. Serikali ilimzika kwa heshima za kitaifa.

Miaka 12 baadaye, Mei 1997, mtoto wa miaka mitatu alikufa Hong Kong. Kirusi kilichotolewa kwake kilikuwa H5N1, cha kuku. Kufikia mwisho wa mwaka watu 18 walikuwa wameambukizwa na sita walikufa, na serikali ikaamuru kuku wote wa Hong Kong, zaidi ya milioni moja, wachinjwe. Kirusi hicho hakikuisha. Kilifika Nigeria Februari 2006, kikashika Misri, na mwaka 2024 kilikutwa kwa ng'ombe wa maziwa nchini Marekani. Tangu mwaka 2003 watu zaidi ya 900 duniani wamethibitika kukipata, na karibu nusu yao walikufa. Wengi wao walikuwa wamegusa kuku wagonjwa au waliokufa. Hakijajifunza kuenea kwa urahisi kutoka mtu hadi mtu.

Watengenezaji wa chanjo walipotaka kukiotesha kwa njia ya Burnet, walikuta kinakiua kifaranga ndani ya yai kabla hakijazaliana vya kutosha. Yai lililolisha viwanda vya chanjo kwa zaidi ya miaka 50 halikukiweza. Ndipo wakarudi kwenye kazi yake nyingine, ile ya virusi kuchanganyana. Walichukua kipande chenye H5, wakakikata sehemu inayokifanya kiwe kikali, wakakiunganisha pamoja na kipande cha N na vipande sita vya kirusi kipole cha mafua ya binadamu kilichopatikana Puerto Rico mwaka 1934 na kuzoezwa kuishi ndani ya mayai. Mchanganyiko huo ukadondoshwa ndani ya yai la siku kumi, ukaota.